Magadi tunayo, fomyula ni ya bure: Mbona kiini cha dawa ya presha bado chatoka ng'ambo?

MKULIMA wa majani chai wa Nyamache aliyeandikiwa tembe za losartani ili kudhibiti shinikizo la damu hana haja ya kumjua Akira Suzuki. Humeza tembe yake alfajiri, akajitwika kikapu na kushika njia ya shambani kabla umande haujakauka. Jina hilo la Kijapani likitajwa mbele yake, yamkini atadhani linahusu pikipiki inayombeba kwenda sokoni.

Hata hivyo, tembe hiyo ina uhusiano wa karibu na Mjapani huyo. Losartani ilibuniwa na watafiti wa kampuni ya DuPont ya Marekani, ikaidhinishwa nchini humo mwaka 1995. Mnamo 1994 wanakemia wa kampuni ya Merck walikuwa wamechapisha mbinu ya kuitengeneza kwa wingi, na hatua muhimu katika mbinu hiyo ni mmenyuko wa kemikali ambao Suzuki na mwenzake, Norio Miyaura, waliuanzisha katika Chuo Kikuu cha Hokkaido. Vipo viwanda vinavyotumia njia nyingine kuifikia molekuli hiyo hiyo, lakini njia ya Suzuki ndiyo iliyoonyesha jinsi ya kuifikia kwa usafi na kwa viwango vya kiwanda.

Suala hili si la wanakemia peke yao. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukizwa ulibaini kwamba karibu robo ya watu wazima nchini wana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakipata matibabu. Anayeanza kumeza tembe za presha kwa kawaida huzimeza maisha yake yote. Bei ya kiini cha tembe hizo, yaani ile kemikali inayotibu na wala si unga unaoishikilia, ni jambo linalogusa mfuko wa kaya ya Nyamache mwezi baada ya mwezi.

Na kiini hicho hakitengenezwi hapa. Hutoka hasa India na Uchina.

Ili msomaji aone kinachokosekana, yafaa kwanza aelewe kinachofanyika ndani ya chungu cha mwanakemia. Molekuli ya losartani ina pete mbili za atomu za kaboni zilizoshikana ubavu kwa ubavu. Pete za namna hiyo hazishikani kwa hiari. Waweza kuzichemsha pamoja mchana kutwa na jioni ukazikuta zilivyokuwa, kila moja kivyake. Kwa miongo mingi wanakemia waliziunganisha kwa joto kali na kwa metali zinazotumika kwa wingi, wakaambulia mavuno haba na taka nyingi.

Alichofanya Suzuki kinafanana na posa. Katika jadi ya Abagusii, familia mbili zisizojuana hazikukabiliana moja kwa moja. Kulikuwa na mshenga, esigani, aliyekwenda huku na huko hadi mambo yakaiva. Katika mmenyuko huu mshenga ni metali iitwayo paladiamu. Huishika pete ya kwanza, ambayo huwa imebeba atomu ya bromini au aiodini. Pete ya pili huja ikisindikizwa na boroni, mfano wa bibi harusi anayesindikizwa na shangazi yake hadi mlangoni. Boroni humkabidhi bibi harusi kwa mshenga, kisha hurudi ilikotoka. Paladiamu huziunganisha pete hizo mbili na kujitoa ikiwa salama, tayari kwa posa nyingine. Hii ndiyo maana ya kichocheo: hufanikisha mmenyuko bila chenyewe kuliwa. Chembe kidogo huweza kuunganisha jozi mamia, na katika mifumo iliyoboreshwa maelfu kwa maelfu.

Lakini shangazi hamwachilii bibi harusi hivi hivi. Pahitajika alkali ya kumlegeza. Mwaka 1979 watafiti hao walitangaza matokeo yao ya kwanza, na mwaka 1981 wakaonyesha jinsi pete mbili za kaboni zinavyounganishwa. Alkali waliyoitumia katika kazi hiyo ya 1981 ilikuwa kabonati ya sodiamu. Kwa Kiswahili cha jikoni, magadi. Yale yale ambayo mama wa Kisii hutia kidogo kwenye sufuria ya mboga za kienyeji ili zilainike, na ambayo Kenya imekuwa ikiyachimba katika Ziwa Magadi, Kajiado, kwa zaidi ya miaka 100 na kuyauza ng'ambo kwa viwanda vya vioo.

Tukihesabu basi mali ghafi, hali si ya kukatisha tamaa. Alkali iko Kajiado. Paladiamu hutoka zaidi Urusi na Afrika Kusini, ikifuatwa na nchi chache ambazo Zimbabwe ni mojawapo. Bara letu limo miongoni mwa wauzaji wakuu duniani. Boroni ndiyo ya mbali, kwani akiba kubwa zaidi iko Uturuki na nyingine Marekani, lakini ni madini ya kawaida yauzwayo kwa tani, na wakulima hutumia mbolea yake pale mvua nyingi zinapoisomba kutoka udongoni.

Fomyula nayo je? Hapa ndipo kisa cha Suzuki kinapotofautiana na visa vingi vya dawa tulivyozoea kuvisoma. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1930 katika mji mdogo wa Mukawa, kisiwani Hokkaido. Alivutwa kwenye kemia ya boroni na kitabu cha Mmarekani Herbert Brown alichokinunua dukani mjini Sapporo, akaenda kusoma chini ya Brown mwenyewe katika Chuo Kikuu cha Purdue, kisha akarejea nyumbani kufundisha. Mmenyuko wake hakuuwekea hataza. Alieleza kwamba utafiti ulikuwa umegharimiwa na fedha za umma. Yeyote aliyetaka kuutumia aliutumia, na huenda ndiyo sababu ulienea upesi katika maabara na viwanda vya dunia nzima.

Niungame jambo hapa. Tarehe 6 Oktoba 2010, habari za Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa Suzuki, Ei-ichi Negishi na Richard Heck zilipofika katika meza yetu ya uhariri, mimi ndiye niliyezikata zikabaki aya tatu. Hatukuwa na neno la Kiswahili la kueleza walichofanya, na ukurasa ulikuwa unasubiriwa kiwandani. Aya ya nne, niliyoitupa, ndiyo iliyosema kwamba mmenyuko huo unatumika kutengeneza dawa za binadamu na za mimea. Msomaji wa Nyamache alibaki na majina matatu ya kigeni pasipo kuambiwa yanamhusu vipi.

Na yanamhusu kwa njia nyingi. Mbali na dawa za presha, kampuni ya BASF hutumia mmenyuko wa jamaa hiyo kutengeneza boskalidi, dawa ya kuvu ya mimea, kwa kiwango kinachotajwa kuzidi tani 1,000 kwa mwaka. Vimulimuli vya kemikali katika skrini za simu na televisheni mpya navyo huundwa kwa pete zilizoposwa kwa mtindo huu.

Wenyeji wa nyanda za juu za Gusii wanajua fika maana ya molekuli kutengenezwa na wengine. Kabla ya majani chai kutawala vilima hivi, pareto ilikuwa miongoni mwa mazao yaliyosomesha watoto. Maua yake meupe yalichumwa kwa mkono, yakaanikwa na kusafirishwa hadi Nakuru kukamuliwa kiini chake, pirethrini, sumu inayoua wadudu na isiyomdhuru sana binadamu. Kwa miaka mingi Kenya ilitoa sehemu kubwa ya pareto ya dunia nzima.

Lakini wakati mkulima akichuma maua, wanakemia walikuwa wakiyasoma. Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walichapisha uchunguzi wao kuhusu umbo la pirethrini mwaka 1924, na wote wawili baadaye walipata Tuzo ya Nobel. Mwaka 1949 Wamarekani walitangaza alethrini, nakala ya kwanza iliyoundwa maabarani ikafika sokoni. Kisha mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakatangaza permethrini, ambayo, tofauti na ile ya maua, haiharibiwi upesi na jua. Permethrini ndiyo iliyokuja kutiwa kwenye neti za mbu ambazo familia za Nyamache na kwingineko nchini hulalia.

Itakuwa dhuluma kuitupia kemia lawama zote. Usimamizi mbaya wa zao hilo, malimbikizo ya malipo ya wakulima na ushindani wa wakulima wa Tasmania, Australia, viliing'oa pareto kwa kasi zaidi kuliko permethrini. Bunge lilipopitisha Sheria ya Pareto ya mwaka 2013 na kufungua milango kwa wanunuzi binafsi, wengi walikuwa wamekwisha panda majani chai, ndizi au mikalitusi. Hata hivyo hoja yabaki: tulikuwa na ua, tukawa na kiwanda cha kulikamua, lakini uwezo wa kuiunda molekuli yake na kuibadilisha ulikuwa mikononi mwa wengine, na mwenye uwezo huo ndiye aliyeamua soko la dunia litalipa nini.

Hali ya dawa leo yashabihiana na hiyo. Kenya ina viwanda vya dawa vyenye sifa katika ukanda huu. Kiwanda cha Universal Corporation kilichoko Kikuyu kilikuwa cha kwanza cha Kiafrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa tembe za TLD, tiba kuu ya virusi vya HIV, mwaka 2023. Mwaka 2025 Hazina ya Dunia ya kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria ilitangaza kwamba tembe za kiwanda hicho zimenunuliwa kwa ajili ya Msumbiji. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini kazi kubwa ya viwanda vyetu ni kuchanganya, kukandamiza tembe na kufungasha. Kiini chenyewe hufika bandarini Mombasa kikiwa tayari ndani ya mapipa.

Hatari ya mpangilio huo ilionekana Machi 2020, janga la Covid-19 lilipoanza. India, ambayo yenyewe hununua takriban theluthi mbili ya viini vya dawa zake kutoka Uchina, ilizuia kwa muda uuzaji nje wa viini na dawa 26, paracetamol ikiwemo. Nchi iliyokuwa ikitegemea mtegemezi iligundua kwamba mnyororo wake ulikuwa na pingili moja zaidi ya ilivyodhani.

Wapo wanaodai kizuizi ni hataza za kampuni kubwa. Kwa dawa mpya, hoja hiyo ina uzito. Kwa losartani haina, maana hataza yake kuu nchini Marekani iliisha mwaka 2010 na mmenyuko wa Suzuki haukuwa na hataza tangu mwanzo. Isitoshe, majirani zetu Tanzania na Uganda, wakiwa katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, wameruhusiwa na Shirika la Biashara Duniani kutolinda hataza za dawa hadi mwaka 2033. Hata huko viini havipikwi kwa wingi.

Kizuizi halisi ni cha kuchosha zaidi, na pengine ndiyo sababu wanasiasa hawakipendi. Kwanza ni ukubwa wa soko: kiwanda cha Uchina hupika kiini kwa ajili ya mabara matano, nacho hununua viyeyusho na kampaundi za boroni kutoka kiwanda jirani. Pili ni taka. Tatu, na hili ndilo nitakalolikalia, ni kupima.

Paladiamu ni mshenga mzuri lakini hapaswi kubaki kwenye nyumba ya maharusi. Miongozo ya kimataifa yaruhusu si zaidi ya maikrogramu 100 za paladiamu kwa siku katika dawa ya kumeza, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya gramu. Kuiondoa kwahitaji ujuzi, na kuthibitisha kwamba imeondoka kwahitaji mashine na mtu anayeijua. Mwaka 2018 dunia ilikumbushwa gharama ya kutopima vizuri, pale dawa za jamaa ya losartani, kuanzia na valsartani, ziliporejeshwa kutoka madukani katika nchi nyingi baada ya kukutwa na kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Chanzo kilikuwa mabadiliko ya utengenezaji katika kiwanda kimoja cha Uchina. Kosa hilo halikutokana na boroni wala paladiamu. Lilizuka katika hatua nyingine ya mapishi. Lakini shehena ziliuzwa kwa miaka kadhaa kabla ya yeyote kuligundua.

Kuna kisa kingine ambacho kila mwalimu wa kemia angepaswa kukisimulia. Mwaka 2003 Nicholas Leadbeater na wenzake walitangaza kwamba wameweza kuendesha mmenyuko wa Suzuki bila paladiamu hata kidogo; magadi na joto la mawimbi ya maikro vilitosha. Ingekuwa habari njema kwa nchi maskini. Watafiti hao hao, kwa uaminifu wa kupigiwa mfano, waliendelea kuchunguza, na mwaka 2005 wakatangaza walichokigundua: magadi waliyoyanunua dukani yalikuwa na paladiamu ndani yake, takriban sehemu 50 kwa kila bilioni. Mshenga alikuwepo muda wote, amejificha kwenye gunia la magadi. Funzo hilo halikumfikia kila mtu, kwani mwaka 2021 kundi jingine lilichapisha dai la aina hiyo katika jarida mashuhuri, na makala yao yakaondolewa kabla ya mwaka kwisha, baada ya wenzao kuikuta paladiamu pale pale.

Juhudi za kuachana na paladiamu ghali zinaendelea, na baadhi zimefua dafu. Nikeli yaweza kufanya kazi hiyo katika hali nyingi. Mwaka 2018 kundi la Robin Bedford wa Chuo Kikuu cha Bristol lilionyesha kwamba chuma, metali ya jembe na panga, huweza kuziposa pete za aina fulani. Tangu 2002 vilevile pamekuwa na njia za kuipachika boroni moja kwa moja kwenye pete kwa msaada wa iridiamu, na hivyo kupunguza hatua za mapishi. Kila hatua inayopunguzwa hushusha gharama ya kuanza, na hapo ndipo nchi kama Kenya yaweza kupata upenyo.

Msomaji atauliza kama kemia ya namna hii iliwahi kuelekezwa kwa makusudi kwa maskini wa Afrika. Jibu ni ndiyo, na halihitaji kutafutwa mbali. Bonde la Lambwe, Homa Bay, lisilo mbali na Kisii, lilijulikana kwa mbung'o na ugonjwa wa malale. Agosti 2025 WHO ilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa humu nchini na kuripotiwa alikuwa wa mwaka 2009. Lakini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo aina nyingine ya malale ingali ikiwasumbua wanavijiji, na kwa miaka mingi waliofikia hatua mbaya walitibiwa kwa dawa yenye arseniki iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20.

Shirika lisilo la kibiashara la DNDi, lenye ofisi Nairobi, lilishirikiana na kampuni za Marekani kuibua akoziboroli, ambamo boroni haiondoki kama shangazi bali hubaki ndani ya molekuli na kushiriki kuua kimelea. Majaribio yaliyofanywa Kongo na Guinea kwa wagonjwa 208, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwishoni mwa 2022, yalionyesha ufanisi wa takriban asilimia 95 kwa waliokuwa katika hatua ya mwisho ya ugonjwa, baada ya miezi 18. Tiba yenyewe ni tembe tatu zinazomezwa mara moja, basi. Hakuna soko lililoidai dawa hiyo, kwa maana wagonjwa wake hawana fedha. Iliamuliwa itafutwe, ikatafutwa.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, ahadi kwamba Kenya itapika viini vya dawa zake zote karibuni ni za kupokewa kwa tahadhari. Hakuna nchi inayopika vyote, hata Marekani. Lililo ndani ya uwezo ni kuchagua dawa chache zinazomezwa na wengi, ambazo hataza zake zimeisha, za presha zikiwemo, na kuzinunua kwa pamoja kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki ili mpishi wa ndani ahakikishiwe soko. Lingine ni la bei nafuu zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha nne hukariri kwamba chuma huchochea utengenezaji wa amonia na nikeli hugandisha mafuta ya kupikia, ilhali boroni huiona mara moja tu, nambari tano katika orodha ya elementi 20 za kwanza. Akifika chuo kikuu, mara nyingi husoma mmenyuko wa Suzuki ubaoni asiupate maabarani.

Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013, kiko safari fupi ya matatu kutoka Nyamache. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa uzamili yaweza kuwa nyepesi kuielezea: achukue magadi ya Kajiado, ayapime yana paladiamu kiasi gani, kisha ndipo aziunganishe pete zake mbili.